Akaunti haijaamilishwa ila mtu anaingia, au imeamilishwa na bado anakataliwa: cheki hapa

Karibu kila saiti inayosajili watu ina ile kolamu kwenye jedwali la watumiaji inayosema akaunti imeamilishwa au bado, 1 au 0, na kazi yake ukiitazama ni nyepesi kabisa: mwenye 1 aingie, mwenye 0 akae nje mpaka athibitishe barua pepe au namba yake ya simu. Alafu saiti ikishaanza kutumiwa na watu wa kweli ndio meseji zinaanza, huyu ameamilisha anakataliwa, yule hajaamilisha ameingia, mwingine umemfungia jana na leo bado yumo ndani anaendelea kama kawaida. Malalamiko ni yaleyale kila mahali na sababu zake zinajulikana, kwa hiyo hapa nimezipanga kwa dalili, kwenye kila dalili naanza na sababu inayotokea sana na jambo rahisi la kucheki, yale mazito yanakuja baadae.

Mifano ni ya PHP na MySQL au MariaDB maana ndio utakavyovikuta kwenye hosti nyingi za bei nafuu. Jedwali nimeliita watumiaji, kolamu nimeiita amilifu. Laravel, Django na wenzao (fremuweki za kujengea saiti) nitawagusa pale wanapofanya tofauti.

Kabla hujagusa kitu

Chukua bakapu ya databesi, iwe kwa phpMyAdmin au mysqldump, na kama una uwezo fanyia majaribio kwenye nakala sio kwenye saiti inayotumika. Na jambo moja naomba tuelewane mapema: usiondoe ukaguzi wa amilifu "kwa muda tu" ili watu waache kulalamika. Hapo ndipo saiti nyingi zinapoharibikia, mtu anafuta ule mstari wa kodi saa tano usiku akiwa amechoka, anasema kesho nitaurudisha, na kesho haifiki, wanaosajili akaunti feki wanakuwa wameshaingia kwa mamia. Bora watu kumi wasubiri asubuhi.

Kitu cha pili, tenganisha maswali matatu. Je, huyu mtu yupo kwenye databesi? Je, paswedi yake ni sahihi? Je, akaunti yake imeamilishwa? Watu wengi wanayabana yote kwenye kweri moja (kweri ni swali unaloiuliza databesi), WHERE barua_pepe = ? AND amilifu = 1, na ikirudi tupu hujui kimefeli kipi, unabaki kubahatisha. Andika hivi:

```
$st = $db->prepare('SELECT id, nenosiri, amilifu
                    FROM watumiaji WHERE barua_pepe = ?');
$st->execute([$barua]);
$mtu = $st->fetch(PDO::FETCH_ASSOC);

if (!$mtu || !password_verify($neno, $mtu['nenosiri'])) {
    kataa('Barua pepe au paswedi si sahihi');
}
if ((int) $mtu['amilifu'] !== 1) {
    kataa('Akaunti bado haijaamilishwa, angalia barua pepe yako');
}
```

Hiyo kataa() ni funksheni unayoiandika mwenyewe, na lazima imalizikie na exit, amri ya kuisimamisha PHP palepale, tutarudi hapo. Angalia pia mpangilio: meseji ya "haijaamilishwa" inatoka baada ya paswedi kukubaliwa, sio kabla. Ukiitoa kabla, mtu yeyote anaweza kuingiza barua pepe za watu moja moja akajua nani kajisajili kwako na nani hajajisajili, na kama saiti yako ni ya zahanati au ya mikopo hiyo ni siri ya mtu umeimwaga.

Dalili: "Nimeamilisha ila bado inasema sijaamilisha"

Hii ndio inaongoza. Anza kwa kuangalia databesi yenyewe, usimwamini mtumiaji na usiiamini kodi:

```
SELECT DATABASE();
SELECT id, CONCAT('[', barua_pepe, ']') AS barua, amilifu
FROM watumiaji WHERE barua_pepe LIKE '%asha%';
```

Ule mstari wa kwanza unakwambia uko databesi ipi. Unacheka sasa hivi ila ni kawaida sana mtu kuwa na databesi mbili, ya majaribio na ya kweli, faili la .env linaelekeza kwenye moja na phpMyAdmin umefungua nyingine, unabadilisha 0 kuwa 1 mara nne na hakuna kinachobadilika kwenye saiti. Hakikisha jina linalotoka hapo ndilo lililopo kwenye mipangilio ya saiti.

Mabano niliyoweka kwenye barua yana kazi yake. Ukiona [asha@mfano.com ] yenye nafasi kabla ya bano la mwisho, umeshampata mchawi: kibodi ya simu ikikamilisha neno yenyewe mara nyingi inaacha nafasi mwishoni, na kibodi hiyohiyo inapenda kuanza na herufi kubwa. Kolesheni (kanuni za kulinganisha maandishi) za zamani za MySQL kama utf8mb4_general_ci zinapuuza nafasi ya mwishoni wakati wa kulinganisha, lakini utf8mb4_0900_ai_ci ambayo ndio ya kawaida kuanzia MySQL 8.0 haipuuzi, kwa hiyo saiti ikihamishwa na jedwali likajengwa upya watu waliokuwa wanaingia vizuri wanaanza kukwama bila wewe kugusa kodi. Dawa ni trim() wakati wa kusajili na wakati wa kulogini, alafu safisha zilizomo. PostgreSQL yenyewe inatofautisha herufi kubwa na ndogo, huko geuza barua pepe iwe herufi ndogo pande zote mbili.

Ukiona mistari miwili ya mtu mmoja, moja ina 1 nyingine ina 0, basi ni kwamba alijisajili mara mbili kwa sababu barua ya kwanza ilichelewa, akaamilisha moja, na kodi yako inasoma ile nyingine. Watafute wote:

```
SELECT barua_pepe, COUNT(*) FROM watumiaji
GROUP BY barua_pepe HAVING COUNT(*) > 1;
```

Usifute kwa haraka, angalia kwanza kama kuna oda, malipo au posti zilizofungwa kwenye ile id unayotaka kuitoa. Ukishaunganisha weka UNIQUE (sharti la kutojirudia) kwenye barua_pepe, bila hiyo tatizo litarudi. Kama malipo yamegawanyika kwenye akaunti zote mbili simama hapo, mwite anayejua mfumo wa malipo.

Sasa tuseme databesi inaonyesha 1 safi, mstari ni mmoja, na bado anakataliwa. Hapa ni aina ya data, na hili limewatesa wengi baada ya hosti kupandisha PHP. Kabla ya PHP 8.1, PDO, ile njia ya PHP ya kuongea na databesi, ikiwa kwenye mpangilio wake wa kawaida wa MySQL ilikuwa inarudisha namba kama maandishi, yaani "1" na sio 1. Kuanzia 8.1 inarudisha namba halisi. Kwa hiyo aliyeandika $mtu['amilifu'] === '1' alikuwa sawa miaka yote, siku hosti inahamia 8.1 hakuna hata mtu mmoja anayeweza kuingia, na aliyeandika === 1 yeye alikuwa anahangaika kabla. Ukibadilisha ATTR_EMULATE_PREPARES kuwa false unaweza kukutana na mabadiliko yaleyale hata kwenye PHP ya zamani. Ndio maana hapo juu nimeweka (int), inamaliza ugomvi kote kote. Ukitaka kuona kwa macho yako weka var_dump($mtu['amilifu']) kwenye nakala ya majaribio, itakwambia int(1) au string(1) "1", alafu uitoe.

Inayotokea mara chache zaidi ni NULL, yaani hakuna thamani yoyote. Kama kolamu inaruhusu NULL na kuna walioingizwa kwa mkono au kwa faili la CSV, hao hawana 1 wala 0. Kweri yenye amilifu <> 0 haiwarudishi, na kweri yenye amilifu = 0 nayo haiwarudishi, wapo wapo tu. Tengeneza kolamu iwe TINYINT(1) NOT NULL DEFAULT 0 na umeondokana nao. Na kama unatumia seva mbili za databesi, moja ya kuandika na nyingine ya kusoma, mtu anaweza kuamilisha sekunde hii akalogini sekunde inayofuata kabla taarifa haijafika kwenye ya kusomea, huyo akijaribu tena baada ya muda kidogo anaingia. Kweri ya kulogini ipeleke kwenye seva ya kuandika.

Dalili: linki ya kuamilisha inasema imeisha muda au sio halali

Kama inasema imeisha muda na mtu kaibofya dakika mbili tu baada ya kujisajili, usihangaike na mengine, ni saa. Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya UTC na hosti nyingi seva zake ziko kwenye UTC, kwa hiyo PHP na MySQL zikiwa hazijakubaliana unapata hesabu hii: mtu anajisajili 10:00 yetu, PHP iko UTC inaona 07:00, inaongeza saa moja na kuandika mwisho ni 08:00. MySQL yenyewe iko kwenye saa zetu, NOW() yake ni 10:00. Linki imezaliwa ikiwa imeshakufa. Ikiwa kinyume, PHP saa zetu na MySQL UTC, linki ya saa 1 inaishi saa 4 na hakuna atakayelalamika, ila ni hatari ile ile kwa upande mwingine.

Cheki kwa kukimbiza SELECT NOW(), UTC_TIMESTAMP(); upande wa databesi na echo date('Y-m-d H:i:s'); upande wa PHP, uziweke pembeni. Dawa ninayoiamini ni kuacha upande mmoja tu ufanye hesabu yote, wakati wa kuandika tumia UTC_TIMESTAMP() + INTERVAL 1 HOUR na wakati wa kukagua linganisha na UTC_TIMESTAMP(), PHP isiulizwe saa kabisa.

Sababu ya pili ni tokeni, ule msimbo wa siri ulio kwenye linki, kukatwa. Ukitengeneza tokeni kwa bin2hex(random_bytes(32)) unapata herufi 64, kolamu ikiwa VARCHAR(50) na MySQL haiko kwenye hali kali (strict mode) inahifadhi 50 na kutupa 14 kimya kimya, linki haiwezi kufanana milele. Kuanzia MySQL 5.7 hali kali ndio ya kawaida na utapata kosa namba 1406, lakini hosti nyingine wameizima, kwa hiyo pima kwa LENGTH(tokeni).

Ya tatu ndio inayochanganya watu. Mtumiaji anabofya kwa mara ya kwanza kabisa na anaambiwa linki imeshatumika. Hasemi uongo. Barua pepe za ofisini nyingi zina skana ya usalama, Safe Links ya Microsoft ni mfano, inayoweza kufungua linki kabla ya mwenye barua kuiona ili kukagua kama ni salama, na kama linki yako inaamilisha moja kwa moja kwa kufunguliwa tu, skana imeshaamilisha na kuichoma tokeni. Ubaya wake ni mara mbili, mwenye akaunti anachanganyikiwa, na akaunti inaamilishwa bila binadamu yeyote kukubali. Rekebisha hivi: linki ifungue ukurasa wenye kitufe cha "Amilisha akaunti yangu", na kitufe ndicho kitume POST inayobadilisha databesi. Na mtu akirudia linki ya akaunti ambayo tayari iko wazi mpe meseji ya kistaarabu, akaunti yako iko tayari, ingia hapa, usimpe maandishi mekundu.

Kwa Laravel kuna jingine, kosa 403 la saini isiyo halali. Linki ya uthibitisho ya Laravel imesainiwa pamoja na anwani nzima, ikiwa APP_URL inasema http na saiti iko https, au uko nyuma ya proksi kama Cloudflare na hujaipa imani kwenye TrustProxies, saini inakataa. Na kumbuka muda wake wa kawaida ni dakika 60, upo kwenye mipangilio ya auth.

Dalili: barua ya kuamilisha haifiki

Hapa sitakaa sana. Kwanza spamu. Pili, kama unatumia mail() ya PHP kwenye hosti ya kushea, hamia SMTP yenye kulogini kwenye poti ya 587 au 465. Tatu rekodi za SPF na DKIM za domeni yako, zinazothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwako, maana tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinadai anayetuma awe na uthibitisho, na ukikuta kosa 5.7.26 kwenye logi za barua basi Gmail inakwambia hilo hilo. Ukurasa wa "nitumie tena" ni lazima uwepo, ila uwekee kikomo mtu asiubofye mara mia akajaza sanduku la mwenzake.

Wanaoamilisha kwa SMS shida yao kubwa ni muundo wa namba. Mtu anajisajili kwa namba inayoanza na 07, siku ya kulogini anaandika 2557 au +2557, kwa databesi hao ni watu watatu tofauti. Hifadhi muundo mmoja tu wenye alama ya kujumlisha na kodi ya nchi, +255 Tanzania, +254 Kenya, +256 Uganda, na ugeuze kila kinachoingia kabla ya kutafuta. Usiihifadhi kolamu ya simu kama namba, itakula sifuri ya mbele.

Dalili: ambaye hajaamilisha anaingia

Sasa hapa ndio pa kukaa. Dalili nyingine zote zinaleta usumbufu, hii inaleta hasara, na mbaya zaidi hakuna anayelalamika, maana aliyeingia hana sababu ya kukuambia. Inabidi uitafute mwenyewe: sajili akaunti mpya, usiiamilishe, alafu jaribu kuingia kwa kila njia iliyopo.

Anza na kweri. Saiti nyingi zinaruhusu mtu aingie kwa barua pepe au kwa jina, na kodi inaandikwa hivi:

```
WHERE barua_pepe = ? OR jina = ? AND amilifu = 1
```

Inasomeka vizuri kwa mdomo lakini SQL inaifunga AND kabla ya OR, kwa hiyo sharti la amilifu limeshikamana na jina peke yake. Akiingia kwa jina anakaguliwa, akiingia kwa barua pepe anapita. Dalili yake ni hiyo hiyo, majaribio ya jina yanakataliwa vizuri na wewe unaridhika. Weka mabano: WHERE (barua_pepe = ? OR jina = ?) AND amilifu = 1.

Inayofuata ni header('Location: login.php') bila exit chini yake. Header inamwambia tu kivinjari kihame, PHP yenyewe inaendelea kukimbiza mistari iliyobaki, na kama mstari unaofuata ni $_SESSION['id'] = $mtu['id'] basi umemkataa na umemlogini kwa wakati mmoja. Kivinjari kinampeleka kwenye ukurasa wa kulogini, yeye anaandika anwani ya dashibodi kwa mkono na yumo. Pitia kila header ya kuhamisha kwenye saiti nzima, moja baada ya nyingine.

Ya tatu ni milango ya pembeni. Fomu ya kulogini imekaguliwa vizuri sana, lakini kuna kuki ya "nikumbuke", kuna kubadilisha paswedi iliyosahaulika ambako mwishoni saiti inamlogini mtu yenyewe, kuna kuingia kwa Google, kuna API ya apu ya simu, na kuna wakati wa kujisajili ambapo wengine wanamlogini mtu palepale kabla hata barua haijatoka. Kila mlango una kodi yake na kila mmoja umeandikwa siku tofauti na pengine na mtu tofauti. Usikopi ukaguzi mara tano, tengeneza funksheni moja inayofungua sesheni (kumbukumbu ya seva kwamba mtu ameshalogini), iweke ukaguzi wa amilifu ndani yake, na milango yote ipite humo, isiwepo sehemu nyingine yoyote kwenye saiti inayoruhusiwa kuandika id ya mtu kwenye sesheni. Hili ndilo nalisisitiza kuliko yote, ukilifanya nusu ya matatizo ya ukurasa huu hayatakufikia. Kwenye Laravel utaongeza sharti kwenye Auth::attempt, lakini hilo linalinda ile fomu tu, kurasa zenyewe unazilinda kwa midowea (kodi inayokagua ombi kabla halijafika kwenye ukurasa) ya verified, na modeli ya User isipotekeleza MustVerifyEmail midowea hiyo inaruhusu kila mtu bila kelele. Django kuanzia 1.10 ModelBackend yake inawakataa wenye is_active ya uongo yenyewe, ila kama umeandika bakiendi yako ya kulogini hakikisha umeliweka na wewe.

Wa PostgreSQL mna la kwenu. pg_fetch_assoc inarudisha bulia (kweli au uongo) kama herufi, 't' au 'f', na kwa PHP herufi 'f' ni maandishi yasiyo tupu, maana yake ni kweli. if ($mtu['amilifu']) itamruhusu kila mtu. Linganisha na 't' waziwazi au tumia PDO ambayo inarudisha bulia halisi.

Kuna kodi pia inayokamata kosa la databesi kwa try na catch, alafu kwenye catch haina kitu, programu inaendelea kana kwamba ukaguzi umepita. Kosa likitokea jibu liwe hapana.

Na mwisho kabisa, kama kweri yako inaunganisha maandishi ya mtumiaji moja kwa moja bila prepare (inayotenganisha maandishi hayo na amri ya SQL), mtu akiandika kwenye sehemu ya jina admin'-- na nafasi mbele yake, kila kilichofuata ikiwemo AND amilifu = 1 kinageuka kuwa maelezo ya pembeni na hakisomwi. Ukikuta kodi ya namna hiyo kwenye saiti ambayo tayari ina watu, acha kurekebisha dalili. Izime saiti kwa muda, hifadhi logi, mwite mtu wa usalama, maana swali sio tena nani ataingia kesho, ni nani ameshaingia na amechukua nini.

Dalili: umemfungia mtu lakini bado yumo

Umeweka 0 na yeye anaendelea. Sababu ya kawaida ni kwamba amilifu inaangaliwa wakati wa kulogini tu, yeye alishalogini, sesheni yake inaishi. session.gc_maxlifetime ya PHP kwa kawaida ni sekunde 1440 lakini hiyo inahesabiwa tangu alipotumia mara ya mwisho, akiendelea kubofya haimfiki. Soma amilifu kwenye kila ombi, ni kweri moja ndogo kwa id, haielemei seva. Futa pia tokeni zake za "nikumbuke". Kama apu inatumia JWT (tokeni yenye saini inayokaguliwa bila kuuliza databesi), tokeni inabaki halali mpaka muda wake uishe hata ukifuta mtu mzima kwenye databesi, kwa hiyo fupisha muda wake au seva iulize databesi. Waliolinda folda kwa Apache na mod_authn_dbd, kweri ya AuthDBDUserPWQuery iongezewe AND amilifu = 1, na kama mod_authn_socache imewashwa jua kwamba majibu yanakaa kwenye keshi sekunde 300 kwa kawaida, subiri hizo dakika 5 kabla hujaanza kulaumu kweri.

Sababu ya pili ni ya muundo na inauma zaidi: anajifungulia mwenyewe. Kolamu moja inatumika kwa maana mbili, 0 ya "hajathibitisha barua" na 0 ya "tumemfungia", kwa hiyo uliyemfungia anarudi kwenye barua yake ya zamani au anaomba nitumie tena, anabofya, anakuwa 1. Tenganisha, amilifu ibaki ya uthibitisho na uongeze imefungiwa ambayo admini peke yake anaigusa. Na tokeni ikishatumika iweke NULL, usiiweke maandishi matupu, kwa sababu mtu akifungua amilisha.php?tokeni= bila kitu mbele, WHERE tokeni = '' inawapata wote walioachiwa tupu.

Dalili: umeongeza kolamu leo na watumiaji wote wa zamani wako nje

DEFAULT 0 imewapata na wao. Uamuzi wa kuwaamini wa zamani ni wako, ukishauamua:

```
UPDATE watumiaji SET amilifu = 1
WHERE iliundwa < '2025-03-01 00:00:00';
```

Tarehe iwe ya siku uliyoongeza kolamu. Kimbiza kwanza SELECT COUNT(*) yenye WHERE ileile uone idadi inaingia akilini, na usibofye kabla hujaona WHERE ipo, ukiisahau umewaamilisha mpaka maroboti.

Dalili: kila mtu anaambiwa paswedi si sahihi

Hii haihusiani na kuamilisha ingawa watu wanazichanganya. Pima LENGTH(nenosiri). Heshi (paswedi iliyogeuzwa isisomeke) ya bcrypt ina herufi 60 na ya PHP inaanza na $2y$, ukiona 45 au 50 kolamu imeikata na hizo paswedi hazirudi, panua kolamu iwe VARCHAR(255) na watu waweke paswedi mpya. Ukiona 32 huenda ni MD5, ya zamani na dhaifu, hiyo ihamishe taratibu kila mtu anapologini.

Wapi uache na umwite fundi

Nimetaja kweri zisizo na prepare na malipo yaliyogawanyika. Ongeza hapo: ukikuta akaunti zilizoamilishwa ambazo hazikuwahi kutumiwa barua, ukikuta admini usiyemjua, au ukikuta amilifu inabadilika yenyewe baada ya wewe kuirekebisha. Usifute hizo akaunti, zifungie tu, ushahidi unahitajika. Kama kuna taarifa za watu zimetoka, Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale penye hatari ya kweli kwa wahusika, na Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023 na kusimamiwa na Tume yake, kwa hiyo mwite na mwanasheria mapema.

Fundi akija akukute umemwandalia bakapu ya kabla hujaanza kurekebisha, logi za seva za siku husika, toleo la PHP na la databesi, na maelezo ya dalili kwa maneno ya mtumiaji mwenyewe pamoja na saa iliyotokea. Paswedi ya databesi usimtumie kwenye WhatsApp, mtengenezee akaunti yake mwenyewe ya databesi yenye ruhusa anazohitaji, na akimaliza kazi uifute.